Magunia ya Alizeti na Msomaji Mmoja

Kwa mwandishi asiyejulikana, kongamano la Kiswahili huanza na hesabu. Singida mjini hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Unaondoka alfajiri, unafika jioni kiuno kimekufa ganzi. Siku hizi wengine tunashuka Dodoma na kumalizia na treni ya SGR. Ongeza gesti, ongeza ada ya ushiriki. Kwangu hela hiyo hutoka kwenye alizeti, na nyumbani kila mtu anajua yalikuwa magunia mangapi. Lazima safari irudi na kitu.

Kitu chenyewe si mauzo. Safari iliyopita nilibeba nakala 20 za riwaya yangu, nikauza 4. Hata nauli ya kwenda haikutimia. Wala si jina: katika ukumbi uliojaa maprofesa, mtu aliyejichapishia nakala 300 hatambuliki hata akivaa suti. Ninachofuata mimi ni msomaji mmoja, yule wa kweli, anayeweza kukwambia sura ya tatu imelala.

Msomaji huyo hupatikana kwenye chai ya saa nne, maana foleni ya sambusa haina cheo. Nilisimama nyuma ya mama mmoja, mhadhiri. Sikumpa kitabu. Nilimuuliza kuhusu mada aliyoiwasilisha asubuhi, ya maneno ya lugha za makabila ndani ya riwaya za Kiswahili, nikamwambia mimi ni Mnyaturu na maneno hayo ninayo. Akasahau sambusa yake. Miezi miwili baadaye alinirudishia muswada wangu wa pili na kurasa tatu za maoni. Mengine yaliuma, bwana. Lakini ndiyo mara ya kwanza mtu asiye ndugu yangu alinisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo, mwenzangu, soma ratiba kabla ya kusafiri, uchague watu wawili tu. Ukipewa maikrofoni, taja jina na mkoa wako, uliza swali moja, kaa. Hotuba waachie wengine. Ulizia pia tuzo. Ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere na ile ya Safal-Cornell, zamani Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Na ukirudi, mwandikie uliyekutana naye kabla wiki haijaisha, akiwa bado anaikumbuka sura yako.

Mwaka huu mvua imetuangusha, alizeti ni kidogo, siendi popote. Basi mimi na walimu wawili tumeomba darasa katika sekondari ya kata yetu tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani. Kila mtu atasoma kurasa mbili za kwake, wengine watauliza. Sambusa tutakaanga wenyewe.