Mchuzi wa vichwa, Marseille

Samahanini kwa kupotea. Nilikuwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, kwenye mafunzo ya wiki moja ya waandishi wa habari. Ya darasani nitayaandika siku nyingine. Leo nina habari ya bakuli moja la mchuzi.

Usiku wa mwisho wenyeji wetu walitupeleka mgahawa wa bei mbaya, ule wa vitambaa vyeupe na glasi tatu kwa kila mtu. Chakula kilikuwa bouillabaisse, zaidi ya euro 60 kwa kichwa. Nilianza kupiga hesabu kwa shilingi nikaacha, maana nisingeweza kumeza.

Kwanza mhudumu alileta samaki wazima kwenye sinia tuwaone. Alikuwemo yule wanayemwita rascasse, mwekundu, sura mbaya, miiba yenye sumu mgongoni. Kisha ukaja mchuzi peke yake, wenye nyanya, vitunguu, shamari, zafarani na mafuta ya zeituni, pamoja na mkate mkavu wa kupaka rouille, sosi ya vitunguu saumu na pilipili. Mwisho samaki na viazi.

Jamani, ni mtamu. Ila kilichonigusa ni maelezo ya mwenyeji wetu. Hiki kilikuwa chakula cha wavuvi. Samaki wa miambani waliojaa miiba, waliokosa mnunuzi, ndio waliotiwa chunguni. Leo ni fahari ya mji. Mwaka 1980 wenye migahawa wa Marseille waliandika hati ya kulinda bouillabaisse ya kweli, na inataka angalau aina nne za samaki waliotajwa humo. Na katika mji huo huo Gérald Passedat wa Le Petit Nice alipata nyota ya tatu ya Michelin mwaka 2008, kwa kupika samaki wa bahari ile ile.

Mwenyeji akaniona navyonyofoa nyama ya shavuni bila kuhangaika na miiba. Akauliza nimejifunza wapi. Nikajibu, "Kwenye hoteli za kwetu."

Uongo. Nimejifunza Tanga, barazani kwetu. Mama alikuwa akikaanga samaki na kuuza jioni. Vipande vizuri vilikwenda kwa wateja, vichwa na mikia ikawa mchuzi wetu. Vichwa hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Lakini nilipofika Mlimani, kila aliyeniuliza nilimwambia mama ni mfanyabiashara. Nikaacha hapo, kila mtu awaze duka la jumla.

Asubuhi, kabla ya ndege, nilikwenda Bandari ya Zamani, ambako wavuvi huuza samaki kandokando ya mashua. Marseille ina Wakomoro wengi sana. Wanawake wawili wa Kikomoro walikuwa wakivutana bei na muuzaji, kwake kwa Kifaransa, wao kwa wao kwa lugha yao. Nilidaka neno hapa na pale, lakini ile sauti ya kukataa bei niliielewa yote. Nikampigia mama.

"Euro sitini ndiyo ngapi?"

Nikamtajia.

"Kwa vichwa?"

"Na samaki wenyewe, mama."

Akanyamaza kidogo. "Wameweka nazi?"

"Hapana."

"Basi bado hawajajua."

Nilicheka mpaka muuzaji akanigeukia. Kisha nikaona aibu, si ya samaki, ya ule uongo niliokuwa nimeusema tena usiku uliopita, mbele ya watu waliokuwa wakijivunia chungu cha babu zao.

Kwa hiyo wale tuliosoma wote Mlimani, naomba nirekebishe taarifa, kama tunavyofanya gazetini tukikosea. Mama yangu si mwenye duka. Mama yangu ni muuza samaki wa kukaanga, Tanga. Ukipita kwetu jioni utamkuta, na bei yake haifiki huko.

Nawasilisha.