Kadi za posta zenye kisa Cooperstown

Msomaji, ukibahatika kufika jimbo la New York nchini Marekani, usiishie kwenye maghorofa ya jiji. Safiri kama saa nne hivi kwa gari hadi Cooperstown, kijiji kilicho kando ya Ziwa Otsego. Wakazi wake hawafiki 2,000, lakini wageni humiminika huko kila mwaka kwa ajili ya besiboli, mchezo ambao ni binamu wa raunda wanaoucheza watoto wetu shuleni.

Katika barabara kuu kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa Juni 12, 1939. Ndani yake mna ukumbi ambamo kila mchezaji aliyetukuzwa amewekewa bamba la shaba lenye sura yake na maelezo mafupi ya aliyoyatenda uwanjani. Bamba huwezi kulibeba. Utakachobeba ni postikadi yenye picha ya bamba hilo.

Usiidharau. Zamani kadi hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe; tangu miaka ya 1960 zina rangi ya manjano. Mashabiki huzikusanya, kisha humsaka mchezaji mwenyewe azitie sahihi, na kikaratasi cha senti chache kikageuka mali. Mwaka wa 1980 zilianza kutolewa nyingine za michoro ya Dick Perez, seti 10,000 tu, kila moja na nambari yake. Hizo zinapendeza macho, lakini mimi ningechagua za mabamba kwa sababu ya maneno yake.

Chukua ya Jackie Robinson. Aprili 15, 1947 aliichezea Brooklyn Dodgers, akawa Mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza kwenye ligi kuu zilizokuwa zimewafungia nje watu wa rangi yake. Alipotukuzwa mwaka wa 1962, bamba lake lilisifu uchezaji wake bila kutaja ubaguzi hata kidogo. Mwenyewe alikuwa ametaka apimwe kwa mchezo wake tu. Mwaka wa 2008, miaka 36 baada ya kifo chake, likawekwa bamba jipya linalotaja ujasiri wake. Kwa hivyo mwenye kadi ya zamani ana maneno ambayo hayapo tena pale ukutani, na akiwa na bahati, ana sahihi ya Robinson pia.

Josh Gibson hakuipata nafasi hiyo. Mpigaji huyu hodari wa ligi za Weusi alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuingia uwanjani. Bamba lake liliwekwa mwaka wa 1972. Kadi yake ipo, inunue. Lakini mtu akikuuzia ya bamba hilo iliyotiwa sahihi na Gibson, jua umetapeliwa.