Umekuwa Namba Ngapi?

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya kabla KCPE haijazikwa 2023, hili swali unalijua. Hakuna aliyeuliza umejifunza nini. Waliuliza umekuwa namba ngapi.

Darasani tulikuwa 52. Kila mwisho wa muhula orodha ilibandikwa mlangoni, na shule ikifunguliwa tulikalishwa kulingana nayo: namba wani mbele, sisi wa arobaini na kitu nyuma kabisa, kando ya dirisha lisilo na kioo. Nilikuwa wa 41. Muhula uliofuata nikawa wa 38, na mamangu akafurahi hadi akapika chapati siku ya kawaida. Enyewe nilizila tu. Lakini nilijua watoto watatu walionishinda walikuwa wamehamia shule nyingine. Kujumlisha nusu na thuluthi bado kulikuwa kunanitoa jasho, na ile namba haikumwambia mtu yeyote hivyo.

Binti wa dada yangu alikuwa kwenye kundi la kwanza kufanya KJSEA, 2025. Yeye hakupewa namba. Kila somo lina ngazi nane, kutoka EE1 ya kuzidisha matarajio hadi BE2 ya walio mbali nayo. Tena mtihani wenyewe ni asilimia 60 tu. Zingine ni KPSEA ya Gredi ya Sita, 20, na kazi za shuleni za Gredi ya Saba na Nane, 20.

Kwenye karatasi ni poa. Nyumbani, shosho aliuliza, "Sasa amekuwa wa ngapi?" Kabla hajajibiwa, mjomba alishatoa simu kupiga hesabu: EE1 ni pointi 8, BE2 ni 1, masomo tisa, jumla 72. Dakika mbili, watoto wa ukoo mzima wakawa wamepangwa foleni kwenye grupu ya WhatsApp. Na zile kazi za shuleni? Si sote tunajua mzazi anayekesha saa tano usiku akigundisha maboksi ya mradi wa mtoto.

Kwa hivyo sisemi mfumo mpya umetuokoa. Nasema hivi: msichana wetu alipata AE2 kwenye Hisabati, na anataka uhandisi. Mambo ya foleni yalipoisha, tulitoa ripoti zake za shule, tukazipitia mstari kwa mstari. Vipimo, sawa. Jometri, sawa. Aljebra, anakaribia, anakaribia, anakaribia, tangu Gredi ya Saba. Miaka mitatu mtu alikuwa akiandika neno hilo, na hakuna mtu mzima aliyeuliza anakaribia kufika wapi.

Siku hizi Jumamosi asubuhi tunakaa mezani na daftari. Wiki iliyopita alitafuta thamani ya x bila kuniangalia usoni kwanza. Hiyo haina pointi, na siwezi kuiweka kwenye grupu. Shosho akiuliza tena, nitamwambia anajua kitu ambacho mwezi jana hakukijua.