FARDI YAKO ITASEMA NINI?

Sisi ni wa darasa la sita, opsio ya ujenzi. Katika kurasa hizi wenzetu wamekwisha andika juu ya ualimu, uuguzi na biashara. Safari hii tunataka kusema juu ya kazi tunayoitamani sisi: kazi ya arshitekti, ndiye msanifu wa majengo. Hatutaki kuisifu, maana sifa zake kila mtu anazijua. Tunataka kusema namna gani kijana wa Likasi anaweza kuketi mbele ya patro, akaulizwa maswali, asirudi nyumbani mikono mitupu. Kiisha, akiisha kuingia, namna gani atapanda.

Jambo hili si mchezo kwetu. Zamani katika mji huu kazi ilikuwa na njia inayojulikana. Union Minière ilijenga kiwanda cha shaba cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, na mitaa ya wafanyakazi ikakua kandokando. Baadaye Gécamines ikashika kazi ile. Mtoto alisoma shule ya kampani, akapata kazi kwa kampani, akalala katika nyumba ya kampani. Lakini kampani ikapungukiwa nguvu, na mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo hakuna tena ngazi moja ya kumpandisha kila mtu. Leo kila mmoja anabeba ngazi yake mwenyewe. Na wazazi wetu wanauza unga, makaa na mafuta ili walipe masomo. Wao hawangoji maneno, wanangoja kuona.

Basi, tangu mwanzo wa mwaka tunafanya mazoezi kila Jumamosi saa nane. Mmoja wetu anakuwa patro, mwingine anakuwa mwenye kulomba kazi, na wengine wanasikiliza bila kucheka. Patro anaanza:

— Unayua kufanya nini?

— Nilisomaka ujenzi, patro. Niko na diploma.

— Diploma niliona. Mi nauliza, unayua kufanya nini?

Hapo wengi wananyamaza. Si kwamba hawajui kitu. Wanajua, lakini hawana cha kuonyesha. Katika kazi nyingine mtu anaweza kuulizwa tu kwa mdomo. Katika kazi ya kuchora majengo, patro ananyosha mkono na kusema: "Lete fardi." Fardi ni lile jalada gumu la kubebea michoro. Diploma inafungua mlango, lakini ndani ya chumba fardi njo inasema.

Fardi nzuri si ile nene. Tulipoulizana, tuliona kwamba kazi tatu au nne zilizofanywa vizuri zinapita michoro ishirini iliyonakiliwa. Kila kazi iwe na plani, mkato na sura ya mbele, tena iandikwe kipimo chake na upande wa kaskazini. Kwa kipimo cha 1/50, mlango wa sentimeta 90 unakuwa sentimeta 1.8 juu ya karatasi. Kama mlango wako una sentimeta 1, patro ataona mara moja kwamba mtu mzima hapiti pale. Siku hizi michoro mingi inafanywa kwa kompyuta, kwa programu kama AutoCAD. Ni vizuri kuijifunza, lakini mashine haikwambii kama mlango ni mwembamba. Wala usiache michoro ya mkono, maana patro anaweza kukupa kalamu palepale na kusema: "Nichoree nyumba ya nyanya yako."

Swali la pili ni lile la "juu ya nini". Juu ya nini ulitia dirisha huku? Juu ya nini paa linatokeza hivi? Mtu aliyenakili hawezi kujibu, lakini mtu aliyefikiri ana neno. Kwa mfano, sisi tuko kusini ya ikweta. Katika kiangazi, kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa, jua la saa sita linatupigia kutoka kaskazini, na jua la jioni linaingia kutoka magharibi likichoma ukuta wakati watu wanarudi nyumbani kupumzika. Basi ukiweka chumba cha kulala upande wa magharibi bila kivuli, jua lenyewe litakusema. Tena kuna mvua kubwa za mwezi wa kumi na mbili. Maji ya paa yanaenda wapi? Kama yanaanguka chini ya ukuta wa matofali, baada ya miaka michache ukuta unaliwa miguu. Na shimo la choo liko umbali gani na kisima cha jirani? Haya hayahitaji Kizungu kikubwa. Yanahitaji macho. Kila mmoja wetu anaweza kutembea mtaani Kikula au Panda na daftari mkononi, akaangalia nyumba gani ina joto, nyumba gani inavuja, na sababu yake.

Swali la tatu ni la hesabu. Hata katika Injili ya Luka kuna habari ya mjenzi wa mnara na gharama zake, kwa hiyo msomaji wa shule yetu asishangae akiulizwa: nyumba hii inataka matofali mangapi? Tulijifunza njia rahisi. Pima meta moja ya mraba katika ukuta uliokwisha jengwa, hesabu matofali yaliyomo, kiisha zidisha kwa eneo la kuta zako baada ya kuondoa milango na madirisha. Ongeza kidogo kwa yale yatakayovunjika. Ukifanya hivyo mbele ya patro bila kutetemeka, amekwisha kujua kwamba umepata kusimama kwenye shantie.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni la ukweli. Kazi nyingi tunazifanya kwa kikundi. Mtu akiweka mchoro wa kikundi ndani ya fardi yake, aseme wazi: "Tulikuwa watatu. Mimi nilichora ngazi na paa." Patro atauliza juu ya ngazi na paa tu, nawe utajibu. Ukisema yote ni yako, ataanza na msingi, na hapo utazama. Na kama mtu anakulomba pesa mbele ya kukupa kazi, rudi nyumbani, zungumza na wazazi. Kazi inayouzwa mlangoni itauzwa tena kwa mwingine kesho.

Wengine watasema: "Haya ni maneno ya watoto wa mjini wenye ndugu wakubwa. Sisi tutapata wapi kitu cha kuonyesha?" Kwa hiyo tunawaletea habari ya Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, inchi ya Burkina Faso. Kijijini hakukuwa na shule, ikabidi aende kusoma mbali angali mtoto. Alijifunza useremala, na mwaka 1985 akapata msaada wa kwenda Ujerumani kuendelea na kazi ya mbao. Kule akasoma usiku ili amalize masomo ya sekondari, kiisha akaingia shule ya usanifu Berlin. Angali mwanafunzi, alikusanya pesa kwa marafiki, na mwaka 2001 shule ya Gando ikasimama. Watu wa kijiji walifanya matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo. Paa la mabati, yale tunayoita manjanja, aliliinua juu ya dari kwa vyuma ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2004, ndio mwaka aliomaliza masomo, shule ile ikapata zawadi ya Aga Khan. Mwaka 2022 akapewa zawadi ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika kazi hii, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Tazameni vema: kazi yake ya kwanza haikuwa mnara wa vioo. Ilikuwa shule ya udongo. Nasi Katanga tuna udongo wa vichuguu, ambao babu zetu wanaufyatulia matofali tangu zamani. Choo cha shule kilichochorwa vizuri, au jiko la mama lisilojaa moshi, vinaweza kuwa karatasi ya kwanza ndani ya fardi yako.

Sasa, ukiisha kuingia kazini, usifikiri umefika. Kazi hii inapanda polepole kama ukuta, safu juu ya safu, na ukikimbiza safu kabla ya udongo kukauka, yote inalala. Kwanza ni staji. Kiisha mtu anakuwa mchoraji, anasafisha mawazo ya wengine. Kiisha anatumwa shantie kufuata fundi, na huko anajifunza kwamba masoni mwenye miaka thelathini ya kazi anaona kosa la plani mbele ya profesa. Baadaye anapewa nyumba moja aiongoze mwenyewe. Mwisho anaweza kufungua ofisi. Kwa majirani zetu wa Kenya na Tanzania, diploma ya chuo haitoshi. Mtu anafanya kazi kwanza chini ya msanifu aliyeandikishwa, kiisha anapita mtihani, ndipo anaandikwa katika kitabu cha wasanifu. Beda Amuli wa Tanzania alisoma Haifa, Israeli, akafanya kazi kwanza katika ofisi ya wengine, kiisha akafungua yake. Yeye ndiye aliyechora soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya saruji inayokusanya maji ya mvua. Soko hilo liliungua mwaka 2021, lakini hata leo ukilitaja Kariakoo, wanafunzi wa kazi hii wanataja jina lake.

Dada zetu nao wasirudi nyuma. Zaha Hadid, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1950, alishinda shindano kubwa la Hong Kong mwaka 1983, na jengo lile halikujengwa hata siku moja. Aliendelea kuchora. Jengo lake kubwa la kwanza, kituo cha wazima moto Ujerumani, lilimalizika mwaka 1993. Miaka kumi! Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza kupata zawadi ya Pritzker.

Kwa wale wanaotaka kuendelea baada ya Examen d'État, Kinshasa kuna INBTP ya ujenzi na kazi za umma, na ISAU ya usanifu na mipango ya miji. Njia ni ndefu na gharama si ndogo, tunajua. Ndiyo maana tunasema fardi ianze sasa, si siku ya kupokea diploma. Karatasi ni bei rahisi kuliko tiketi ya ndege.

Mbele ya kufunga, neno la mwisho juu ya siku yenyewe. Fika mapema. Viatu viwe safi hata kama ni vya kuazima. Salimu mlinzi wa mlango kama unavyosalimu patro. Ukiulizwa kitu usichokijua, sema: "Hicho sijajifunza, lakini ningetafuta hivi." Na wewe pia uliza: nani ataangalia michoro yangu? Nitapelekwa shantie? Patro mwema anafurahi kuulizwa, maana anaona mtu anayetaka kukua.

Mazoezi yetu yako wazi kwa madarasa yote, Jumamosi saa nane, chumba cha kuchora. Kuja na kalamu, na mchoro mmoja wa nyumba unayolala.