Albamu yetu haina hata ngoma moja

Najua nimepotea hapa kijiweni tangu semesta ianze. Wengi mmeniuliza kwenye foleni ya chakula kama ni kweli mimi na wenzangu "tunarekodi makelele" kule hosteli. Jibu ni ndiyo, tunarekodi, ila siyo makelele. Ni nyimbo sita, watu watano, sauti tupu. Hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna biti ya kompyuta. Ngoma anapiga Besi kwa mdomo (mnamfahamu, yule jamaa wa Historia ambaye akikohoa Yombo nzima inageuka).

Kwanza niwajibu wanaosema tumekosa hela ya vyombo. Hela kweli hatuna, boom lilishakata siku nyingi. Lakini hata lingekuwepo tusingenunua kitu. Sababu iko kwenye hadithi zenyewe.

Albamu yote ni watu waliogeuka. Sisi wa Ualimu tuliosoma fasihi simulizi tunazijua hizi ngano: binti anatupwa mtoni anakuwa ndege, mwingine anakuwa mti, mwingine anaota kama mboga juu ya kaburi lake. Msimulizi anakwenda na maneno ya kawaida mpaka hapo mtu anapogeuka, halafu ghafla anaimba. Kwa nini aimbe hapo? Mimi naona ni kwa sababu ndugu yake anapita njiani na hamtambui. Sura siyo yake, mikono hana. Ndege anaimba, kaka anasimama. Mwili wote umebadilika, sauti imebaki ileile. Sasa ukishaliona hilo, jamani, gitaa la nini?

Na msidhani sisi ndio wa kwanza. Björk wa Iceland alitoa albamu inaitwa Medúlla mwaka 2004, karibu yote ni midomo ya watu: kwaya, mwanamama Tanya Tagaq anayeimba kwa koo kama Wainuit wa Kanada, na Rahzel anayepiga ngoma kwa ulimi. Jina lenyewe maana yake ni uboho. Wimbo mmoja wa humo, bahari inaongea kama mama anayewatazama wanadamu waliotoka majini, na Björk aliuimba Athens kwenye ufunguzi wa Olimpiki mwaka huohuo. Wagiriki nao wana Echo, binti aliyekonda kwa mapenzi mpaka mifupa ikawa mawe, akabaki sauti tu. Ndiyo mwangwi huo.

Sisi tumeanza na kumaliza na Fumo Liyongo. Wimbo wa kwanza yuko gerezani, haonekani, anamwimbia kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake: mama aoke mkate, ndani afiche tupa. Halafu kelele za gungu zinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Gungu lote hilo ni Besi na jamaa wawili, mate yanaruka mpaka kwenye kioo cha laptopu. Wimbo wa sita keshachomwa sindano ya shaba kitovuni, amepiga magoti karibu na kisima na upinde mkononi. Watu wanaogopa kuteka maji, wanadhani yu hai. Mama yake anaitwa aje ambembeleze. Anamwita, haitiki. Hapo tumeacha kimya kitupu. Mwanzoni sauti bila mwili, mwishoni mwili bila sauti.

Wimbo wa nne ndio ulionifanya nikae kimya muda wote huu.

Bibi yangu mzaa mama, yuko Pangani, alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kulia mzito, na maneno hayatoki. Anataka kusema maji, anasema kitu kingine, anajua amekosea, analia. Na huyu ndiye aliyenihadithia ngano ya ndege. Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa naye ukumbini, nikaanza kuuimba wimbo wa ndege polepole. Bibi akaupokea. Maneno yote, moja baada ya jingine, hakuna lililopotea. Mama alikuwa anachuja tui, akabaki na chujio hewani.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili linafahamika. Kuongea kwa watu wengi kunategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, kuimba kunatumia pande zote mbili. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha njia ya kuwarudishia wagonjwa maneno kwa kuyaimba. Lakini siku ile sikuwa na habari ya Boston. Nilimwona ndege, nami ndiye ninayepita njiani.

Kesho yake nilimwomba ruhusa, akatikisa kichwa kukubali, nikamrekodi kwa simu. Mama hakupenda. "Mwanangu, mama yangu siyo onyesho. Watu wa hapa wanamjua alivyokuwa akigombea bei ya samaki. Unataka wamjue kwa ugonjwa?" Sikuwa na la kujibu. Niliporudi chuo nako vita. Dada yetu wa sauti ya kwanza alitaka tuinyooshe sauti ya Bibi kwenye programu, maana inatetemeka. Besi akasema tuiweke kwa mbali, nyuma yetu, kama ndege wa juu ya mti. Mimi nikasema tusiguse kitu mpaka nirudi Pangani.

Nimerudi wiki jana. Nilimwekea Bibi spika za masikioni nikampigia wimbo wetu, sauti zetu tu, bila yake. Alisikiliza kidogo, akazing'oa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanielekezea kidole mimi, akamwelekezea Mama, kisha akaimba yeye ule mstari wa msimulizi. Akanyamaza, akatutazama. Mnajua macho ya mwalimu anayesubiri darasa lijibu? Tukaitikia. Akaenda mstari wa pili. Tukaitikia. Tulimaliza ngano nzima namna hiyo, na Mama alikuwa anaimba huku machozi yanamtoka.

Usiku tukiosha vyombo Mama akaniambia: "Kama ataongoza yeye na nyinyi muitikie, sawa. Msimweke nyuma yenu."

Basi wadau, wimbo wa nne unafumuliwa upya. Bibi mbele, sauti yake na mtetemeko wake, hainyooshwi hata kidogo. Sisi watano ni waitikiaji. Besi kakubali bila ubishi, dada wa sauti ya kwanza kanuna siku mbili kisha akaja na kiitikio kizuri kuliko cha mwanzo.

Muda tulionao ni kidogo. Mafunzo ya kufundisha yakianza, mmoja anakwenda Kigoma, mwingine Songea, na hatutakutana tena chumba kimoja na lile godoro tunaloegemeza mlangoni. Kwa hiyo majirani zangu wa ghorofa ya pili, nawaomba kwa heshima zote: Jumamosi kuanzia saa nne usiku zimeni sabufa. Saa mbili tu. Mkisikia mtu anaitwa na haitiki, msije kugonga mlango, ni Liyongo.

Haya, nakimbilia semina. Tuonane hapahapa.