Funguo Tulizoogopa Kuzishika

Tunawaandikia kutoka Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Sisi ni akina mama watano wa kikundi kimoja cha sala. Wengine tulitoka Tanzania, wengine Kenya na wengine Kongo. Tumeandika haya pamoja kwa sababu kosa tunalolieleza lilikuwa letu sote.

Mwaka 2022 tulialikwa kwenye sherehe ya ubatizo. Chakula kilikuwa tele, na huko nje, karibu na nyama choma, waume zetu walikuwa na bia zao. Saa nne usiku mume wa mmoja wetu aliamua kuwatanguliza watoto nyumbani, mkewe akabaki nasi kuosha vyombo. Tulimwona akiyumba mlangoni, funguo mkononi. Tulitazamana, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Nani angemnyang'anya baba wa watu funguo mbele ya wenzake? Tukasema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite.

Kabla ya saa sita simu ililia. Polisi walikuwa wamemsimamisha barabara kuu baada ya kuona gari likihama mstari. Kiti cha nyuma walikuwapo watoto wawili, wa miaka 9 na miaka 4. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Lakini baba alitiwa pingu mtoto mkubwa akitazama. Tulipofika kuwachukua, mtoto huyo alituuliza, "Kwani ninyi hamkumwona?" Hatukuwa na jibu.

Tulidhani ni mambo ya faini tu, mtu akalipa yakaisha. Wakili ndiye aliyetufumbua macho. Kipimo cha sheria Texas ni asilimia 0.08 ya pombe katika damu. Kabla ya Septemba 1999 kilikuwa 0.10. Hata hivyo, usidhani aliye chini ya kipimo hicho amepona. Ikithibitishwa kwamba pombe imemwondolea uwezo wake wa kawaida wa akili au mwili, naye amevunja sheria.

Kosa la mara ya kwanza ni jela kuanzia saa 72 hadi siku 180, na faini inayoweza kufika dola 2,000. Tangu Septemba 2019 yapo na malipo mengine kwa jimbo: dola 3,000 kwa aliyehukumiwa mara ya kwanza, au dola 6,000 kama kipimo kilifika 0.15. Leseni nayo huweza kusimamishwa. Mara ya pili jela ni siku 30 hadi mwaka mmoja. Mara ya tatu ni miaka 2 hadi 10 gerezani.

Lakini kama ndani ya gari yumo mtoto wa chini ya miaka 15, mambo hubadilika kabisa. Hata kama ni mara ya kwanza, na hata kama hakuna ajali, hilo ni kosa kubwa la jinai: siku 180 hadi miaka 2 katika jela ya jimbo, na faini hadi dola 10,000. Hilo ndilo lililomkuta mume wa mwenzetu.

Mlevi akiua mtu barabarani, kifungo ni miaka 2 hadi 20. Na tangu Septemba 1, 2023, akiwa amemuua mzazi, mahakama humwamuru alipe matunzo ya yatima mpaka afikishe miaka 18 au amalize shule ya sekondari. Tuliposoma habari hiyo tulilia. Watunga sheria, watu tusiowajua, walimkumbuka mtoto. Sisi mama zake usiku ule tulikumbuka aibu.

Kesi ilichukua karibu mwaka mzima. Mahakama ilimweka mwenzetu yule chini ya uangalizi badala ya kumpeleka jela. Gari lake lilifungwa chombo cha kupulizia, nalo haliwaki kikinusa pombe. Kazi yake ya udereva wa lori ilikwisha, na mkewe akaanza kufanya kazi za usiku ili kodi ya nyumba ilipwe. Pombe ameiacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuandike, wengine wajifunze.

Nasi tumejifunza. Wawili kati yetu hatukujua kuendesha. Sasa tuna leseni. Kabla ya kwenda sherehe tunakubaliana mapema, wakati kila mtu ana akili timamu, nani atarudisha watoto. Mwenye nyumba hupokea funguo mlangoni kama anavyopokea makoti, bila maneno makali. Atakayekunywa atatandikiwa mkeka sebuleni, alale mpaka asubuhi. Mwanzoni waume zetu walinung'unika. Siku hizi wanakumbushana wenyewe.

Mama mwenzetu, popote ulipo, kumheshimu mumeo si kumwachia usukani akiwa amelewa. Zungumza naye leo, kwa upole, kabla sherehe haijafika. Na siku ukimwona baba wa mwenzako akiyumba na funguo mkononi, usitazamane na wenzako kama tulivyofanya sisi. Nyosha mkono uziombe.