Nani Huruhusiwa Kusimama?

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya riadha ilianza mjini Doha dakika moja kabla ya saa sita. Waandaaji waliuogopa mchana. Usiku nao haukuwa na huruma: joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu wa hewa ukapita asilimia 70. Walianza wanariadha 68, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, zaidi ya dakika 15 nyuma ya muda aliokimbia Dubai Januari ya mwaka huo huo.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mpwa wangu, kibarua wa ujenzi katika mji huo. Alinipigia simu juzi akaniambia, "Mjomba, huku jasho halikauki." Mimi ni mwalimu wa siasa, si wa tiba, lakini naona sentensi yake imebeba somo zima. Msuli unapofanya kazi, takriban robo tu ya nishati ndiyo inayoinua mzigo. Iliyobaki hugeuka joto. Mwili hulitoa joto hilo hasa kwa jasho, na jasho linalopoza si lile linalodondoka, bali lile linalogeuka mvuke. Hewa ikishajaa maji, mtu hupoteza maji na chumvi bure, ngozi ikabaki na moto wake. (Aliyewahi kubeba magunia bandarini Mombasa mwezi Machi hahitaji mhadhara wangu.) Moyo nao huwa na wadai wawili: misuli inataka damu ifanye kazi, ngozi inaitaka ili ipoe. Joto la ndani likipita nyuzi 40, akili huanza kuvurugika, na kifo hakiko mbali.

Hata hivyo mwili hujifunza. Katika wiki moja hadi mbili majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea hupungua. Ndiyo maana timu za riadha hutafuta siku za kuzoea kabla ya mashindano. Mpwa wangu alitua Jumanne usiku, mwishoni mwa Septemba. Alhamisi alfajiri alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi.

Tangu 2021 Qatar inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15. Ni hatua, nami siibezi. Lakini msomaji na aitazame ile tarehe ya marathoni: siku 12 baada ya kikomo hicho, tena usiku wa manane.

Wale 28 walipoishiwa nguvu waliacha mbio, wakapokewa na waganga. Nilimuuliza mpwa wangu kama angeweza kuomba siku kumi za kazi nyepesi. Akacheka. "Na deni la wakala, Mjomba, utalilipa wewe?"

Serikali zetu zinapojadili ajira na nchi za Ghuba, tunayoyasikia ni mishahara, ada na viza. Nataka kipengele kimoja kiongezwe: wiki mbili za mwanzo, kazi ianze kidogo na kuongezwa siku hadi siku, kwa mshahara kamili.